Miraba ya Kushoto

Baba yangu mdogo alistaafu ukarani wa reli mjini Tabora, na tangu siku hiyo amekuwa na kazi moja ambayo haikosi: kujaza chemshabongo ya gazeti. Zamani gazeti lilipokuwa likiletwa kwa treni kutoka Dar es Salaam, la jana ndilo lililosomwa leo. Yeye hakujali. Alisema maneno hayachachi. Hulikunja gazeti mara nne, huliweka juu ya sinia aliloligeuza kifudifudi mapajani, na huandika kwa penseli iliyochongwa kwa wembe. Akimaliza, huandika pembeni tarehe na dakika alizotumia, hukikata kipande hicho kwa mkasi, kisha hukitia katika boksi chini ya kitanda. Mama mdogo amelalamikia boksi lile kwa miaka mingi kwamba linafuga mende. Makala haya yanahusu boksi lile.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuujaribu mchezo huu, maelezo machache yatatosha. Jedwali lina miraba meupe na meusi. Kila dokezo lina namba, na kila jibu huandikwa herufi moja katika kila mraba, mengine kwa mlalo na mengine kwa wima, kiasi kwamba maneno hukutana na kuchangia herufi. Ukikosea neno moja, jirani yake hukusuta. Mchezo huu ulizaliwa katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, kwa mkono wa Arthur Wynne, mwandishi mwenye asili ya Liverpool. Baba mdogo hupenda kukumbusha kwamba majuma machache tu baadaye, mwanzoni mwa 1914, reli ya kati iliyopita Tabora mwaka 1912 ilifika Kigoma. Kwake mambo hayo mawili ni ndugu.

Kiswahili kina tabia zake ndani ya jedwali. Karibu kila neno letu huishia kwa irabu, kwa hiyo mraba wa mwisho una majibu matano tu yanayowezekana kabla hujalisoma dokezo. Upatanisho wa kisarufi nao husaidia: dokezo likisema “kinatumika kutwangia”, jibu haliwezi kuwa mchi, maana ki- imekwisha kukitaja kinu. Upande mwingine kuna tabu ya ng'ombe, ambaye akiingia katika miraba huikosa ritifaa yake na kubaki “ngombe”. Baba mdogo aliwahi kusema kwamba ng'ombe wa namna hiyo amekatwa pembe.

Tulipokuwa watoto alitufundisha kwanza vitendawili, na sheria yake ni ile ile ya kila mahali penye Kiswahili: mmoja husema “Kitendawili!”, wenzake hujibu “Tega!”, na anayeshindwa kutegua hana budi kutoa mji. Jioni nyingi katika ua ule nilimpa Bagamoyo, nikampa Mpwapwa, nikampa Ujiji. Bila kujua nilikuwa nikijifunza vituo vya njia ya misafara, kwa sababu miji aliyokubali kupokea ilikuwa ya njia hiyo tu. Mwanza aliikataa. Alisema iko nje ya njia.

Njia hiyo ndiyo iliyoifanya Tabora iwe Tabora. Kutoka pwani, misafara ilipita Ugogo hadi Unyanyembe, ambako wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa na makazi yao makubwa, yaliyoitwa Kazeh na wasafiri wa Ulaya. Hapo njia iligawanyika: tawi moja kwenda Ujiji na kuvuka ziwa hadi Manyema, tawi jingine kwenda Karagwe na Buganda. Pembe za ndovu zilibebwa mabegani, na watu waliotekwa walitembezwa katika njia hiyo hiyo. Wapagazi wa Kinyamwezi walisifika kuliko wote. Mzigo wa frasila mbili, yaani kama kilo 32, haukuwa jambo la ajabu kwao.

Baba mdogo ana daftari la kurasa nyingi aliloliita Daftari la Majibu. Kila neno lililomshinda katika gazeti alilitafuta, akaliandika humo pamoja na habari zake. Daftari lilipojaa, alianza kutunga chemshabongo zake mwenyewe kwa ajili ya wajukuu, zote juu ya njia ya misafara. Nimeziona. “Alilipua ghala la baruti 1893 ili Wajerumani wasimkamate akiwa hai”, herufi tano: ISIKE, mtemi wa Unyanyembe. “Yumo kwenye sarafu ya dhahabu ya rupia 15”, herufi tano: TEMBO. Sarafu hiyo ilipigwa Tabora mwaka 1916, katika karakana ya reli, wakati wa vita, kwa sababu koloni la Wajerumani lilikuwa limekatiwa njia ya kupata fedha kutoka Ulaya. Baba mdogo, aliyefanya kazi miaka yote ile katika reli, husimulia habari hiyo kana kwamba yeye ndiye aliyeshika nyundo.

Mimi ni tabibu, kwa hiyo madokezo yanayonivutia zaidi ni yale ya maradhi, nayo njia ile inayo mengi. “Alitia kisu sikioni, akawa kiziwi”: SPEKE. Mwaka 1858, akiwa katika kisiwa kimoja cha Ziwa Tanganyika, John Hanning Speke aliingiwa na mdudu sikioni usiku. Alijaribu siagi iliyoyeyushwa, haikufaa. Akachukua kisu. Sikio likaoza, uso ukavimba, na uwezo wa kusikia upande huo ukapotea. Vipande vya mdudu viliendelea kutoka pamoja na nta kwa miezi kadhaa. Katika zahanati zetu bado wanafika watu wenye njiti za kiberiti na vibanio vya nywele sikioni kwa sababu hiyo hiyo, nasi hatuchoki kurudia: mdudu aliye hai huuawa kwanza kwa mafuta, iwapo ngoma ya sikio haijatoboka, kisha hutolewa na mtu mwenye vifaa na mafunzo.

“Alivuka Atlantiki, akatembea kwa miguu ya watu hadi kwetu”: FUNZA. Kiroboto huyu wa Amerika alifika pwani ya Angola katika miaka ya 1870, na kabla karne haijaisha alikuwa amekwisha kuvuka bara zima hadi Bahari ya Hindi, akisafirishwa katika vidole vya wapagazi na askari.

Lipo dokezo moja ambalo ningependa kila mtumishi wa maabara alikate na kulibandika ukutani. “Hujificha katika ufa wa nyumba ya udongo, hunyonya usiku, hurudisha homa”, herufi sita. Jibu ni PAPASI. Homa ya papasi huja kwa siku chache, huondoka, kisha hurudi, na mgonjwa mara nyingi huwa amekwisha kunywa dawa za malaria mara mbili au tatu. Mwaka 1905, Joseph Everett Dutton, mtafiti kutoka Liverpool, alikuwa Kongo akichunguza jinsi papasi wanavyoambukiza homa hiyo. Aliugua homa yenyewe, akafa Kasongo, mji wa Manyema uliokuwa miongoni mwa vituo vya mwisho vya njia yetu ya misafara. Bakteria wake leo anaitwa kwa jina la Dutton. Mwaka huo huo Robert Koch alikuwa akiwachunguza papasi katika vibanda walimolala wasafiri wa njia za misafara, upande huu wa ziwa. Kwa mtumishi wa leo, jambo la kuzingatia ni hili: kipimo cha haraka cha malaria hakiwezi kuwaona bakteria hao. Hadubini inaweza, hasa damu ikichukuliwa wakati homa iko juu. Nao huonekana kama nyuzi zilizosokotwa kati ya chembe za damu. Homa iliyorudi, kipimo cha haraka kikiwa hasi, inastahili tone la damu chini ya hadubini.

Sasa nirudi kwenye boksi.

Mwaka juzi, mvua za kwanza zilipoanza, mama mdogo alinipigia simu. “Mwanangu, baba yako siku hizi anasahau. Chemshabongo anaianza, haimalizi. Anakasirika, anasema gazeti limechapwa vibaya.” Nilimuuliza kama mkono au mguu umelegea. Hapana. Mdomo umekwenda upande? Hapana. Anazungumza vizuri? Vizuri sana, na kugomba anagomba. Nikasema neno ambalo ninalijutia hadi leo: ni umri, mwacheni apumzike. Kituo kimoja cha afya walikompeleka nako waliambiwa ni uzee. Basi sote tulikubaliana, yeye peke yake akiwa hakubali.

Nilipopata likizo, majuma saba baadaye, nilikwenda Tabora. Alinipokea kwa furaha, akanisimulia upya kisa cha sarafu ya dhahabu bila kukosea mwaka wala thamani. Jambo hilo lilinishtua kidogo. Mtu aliyeanza kupotewa na kumbukumbu hupata shida zaidi na mambo mapya kuliko ya zamani, ni kweli, lakini yeye aliniuliza pia habari ya mtihani wa mwanangu niliyoitaja kwa simu mwezi uliopita. Tulipokula aliuliza kwa nini mama mdogo hakupika mboga. Mchicha ulikuwa kwenye sahani yake, upande wa kushoto, haujaguswa. Mama mdogo alinitazama kama anayesema: umeona?

Nilikuwa nimeona, ila nilikuwa sijaelewa. Usiku nililivuta boksi.

Nilipanga vipande sakafuni kwa tarehe alizoandika. Kwa miezi mingi jedwali lilikuwa limejaa, na dakika zilikuwa kati ya ishirini na arobaini. Kisha ikaja Jumatano moja. Jumanne yake jedwali limejaa, dakika ishirini na nane. Jumatano hiyo, theluthi nzima ya miraba ilikuwa tupu, na miraba hiyo yote ilikuwa kushoto. Alhamisi hivyo hivyo. Ijumaa hivyo hivyo. Maneno ya wima yaliyo kulia yalijazwa bila kosa, hata magumu. Maneno ya wima yaliyo kushoto hayakuguswa, hata mepesi ambayo mtoto wa darasa la pili angeyaweza. Pale palipotakiwa neno la mlalo la herufi saba, alikuwa ameingiza neno la herufi nne lisilohusiana na dokezo, kana kwamba miraba mitatu ya mwanzo haikuchapishwa. Na kwake haikuchapishwa. Namba ya neno la mlalo hukaa katika mraba wake wa kwanza. Asiyeuona mraba ule haioni hata namba.

Usahaulifu hauchagui upande wa karatasi. Wala hauanzi Jumatano.

Asubuhi nilimpa karatasi nyeupe, nikamwomba achore uso wa saa. Alichora duara zuri, kisha akazibana namba zote kumi na mbili katika nusu ya kulia. Nilimwuliza kama saa imekamilika. Alisema imekamilika. Nikamwaga kete za bao juu ya sinia, nikamwomba azikusanye zote. Aliziacha tisa, zote kushoto. Shinikizo lake la damu lilikuwa 178 kwa 104. Hakuna aliyekuwa amelipima kwa zaidi ya mwaka. Picha ya ubongo iliyopigwa baadaye ilionesha alama ya kiharusi katika upande wa kulia wa ubongo.

Kiharusi cha upande huo mara nyingine humwachia mtu maneno yake yote na nguvu za kutosha za mikono, lakini humwondolea nusu ya ulimwengu. Macho yake yanaweza kuwa mazima. Ni ubongo ulioacha kuushughulikia upande wa kushoto. Mgonjwa hanyoi ndevu za shavu la kushoto, hugonga bega kwenye mwimo wa mlango, hula nusu ya sahani. Na kwa kuwa hajui kwamba kuna kitu amekikosa, halalamiki. Au hulalamika kwamba mboga haikupikwa na gazeti limechapwa vibaya. Maswali tunayofundisha jamii kuhusu kiharusi, yaani uso uliopinda, mkono uliolegea na maneno yaliyovurugika, ni maswali mazuri, na kila kaya inapaswa kuyajua. Nami niliyauliza yote matatu kwa simu, nikaridhika. Sikuuliza la nne: mabadiliko haya yalianza lini? Mama mdogo angeniambia, maana baadaye alikumbuka hata alichokuwa akipika siku ile.

Majuma saba yale yangeweza kutugharimu. Aliyepata kiharusi kidogo yuko katika hatari ya kupata kikubwa, hasa siku na majuma ya mwanzo, na baba mdogo aliyapita yote akiwa na shinikizo la 178 bila kidonge hata kimoja. Tulipata bahati.

Watu wanaojua habari hii huniuliza kama chemshabongo inazuia maradhi ya kusahau. Wengine wameanza kuiandikia wazazi wao kama dozi. Jibu langu ni la tahadhari. Katika utafiti uliofuatilia wazee wa eneo la Bronx, mjini New York, na kuchapishwa mwaka 2011, miongoni mwa watu 101 waliokuja kupata dimenshia, wale waliokuwa na desturi ya kujaza chemshabongo walianza kuporomoka kwa kumbukumbu takribani miaka miwili na nusu baadaye kuliko wenzao. Hiyo ni habari njema, ila haithibitishi kwamba mchezo ndio uliowakinga. Huenda watu wenye akiba kubwa ya maneno ndio wanaoupenda. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani waliwagawa kwa bahati nasibu watu 107 wenye upungufu mdogo wa kumbukumbu, baadhi wajaze chemshabongo na baadhi wacheze michezo ya kompyuta, kwa majuma 78. Kundi la chemshabongo lilifanya vizuri zaidi, kwa tofauti ndogo. Hapakuwa na kundi lililokaa bila mchezo wowote, kwa hiyo swali letu halijajibiwa lote. Ningependa zaidi tushikilie mambo yenye uzito ulio wazi: shinikizo la damu, kisukari, tumbaku, masikio yasiyosikia, macho yenye mtoto wa jicho ambaye anaweza kuondolewa. Hakuna jedwali litakalofanya kazi ya kidonge cha shinikizo ambacho hakikunywewa.

Tena chemshabongo inahitaji shule, na wengi wa wazee wetu hawakuipata. Sioni sababu ya kumhuzunisha bibi asiyesoma kwa kumpa miraba. Yeye ana ukili anaousuka, ana bao, ana nyimbo za kwaya anazozijua kwa moyo, na binti yake anajua kasi ya mikono ile kuliko sisi. Binti huyo akija kituoni na kusema kwamba ukili wa mama siku hizi umekwenda upande, tafadhali, mwenzangu, usiandike “uzee” kabla hujauliza ni upande gani na tangu lini.

Baba mdogo alianzishiwa dawa za shinikizo, aspirini na dawa ya kupunguza mafuta katika damu. Kuhusu upande uliopotea, mtaalamu wa mazoezi alitufundisha jambo ambalo mama mdogo aliliona dogo mno kwa nauli tuliyolipa: kuchora mstari mwekundu mzito ukingoni mwa kushoto mwa ukurasa, na mgonjwa asianze kusoma mstari wowote hadi macho yake yaufikie wekundu ule. Kila asubuhi kwa miezi mitano mama mdogo aliuchora mstari kwa kalamu na rula, kwanza kwenye jedwali, kisha kwenye orodha ya madokezo. Alibandika utepe mwekundu hata kwenye ukingo wa meza ya chakula. Baba mdogo alitukana utepe ule. Lakini mchicha ulianza kuliwa.

Vipande vya miezi ile navyo vimo katika boksi. Miraba ya kushoto inajaa polepole, siku moja miwili, siku nyingine hakuna, kisha safu nzima. Hali hii huweza kupungua yenyewe katika miezi ya mwanzo, kwa hiyo sitadai kwamba ni mstari uliomponya. Hadi sasa hajapona kabisa. Akichoka, au jioni taa ikiwa hafifu, kushoto hupotea tena, na barabara havuki peke yake. Dakika zimekuwa sabini, themanini. Huziandika bila haya.

Mwezi uliopita alinipigia simu usiku nikiwa zamu. Alikuwa ametunga dokezo jipya, wima, safu ya kwanza kabisa ya kushoto. Aliisema safu hiyo mara mbili ili niisikie. “Alizaliwa karibu na Timbuktu, akauzwa utumwani, akasomea utabibu Malta, akatibu Karema hadi alipofariki 1956. Herufi sita.” Nilifikiri sana. Tabibu mwenzangu, aliyefika kando ya Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1880 akakaa na wagonjwa wake zaidi ya miaka sitini, nami sikuwa na jina lake.

“Nimeshindwa, baba. Nakupa Bagamoyo.”

“Bagamoyo ulinipa mwezi wa pili.”

“Basi chukua Ujiji.”

Alinyamaza kidogo. Nilisikia penseli ikigonga sinia. “Ujiji naipokea,” alisema. “Andika: Adrian ATIMAN. Na ukija uniletee kalamu nyekundu, hii ya mama yako imekwisha wino.”